Gongo Nililolisifu

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni, na sijui nani alinidanganya nikajitia kwenye mambo ya kukusanya vitu vya kale. Kazi hii haimfai mwenye moyo wa kushtukashtuka. Ukilikosa gongo unalolitaka, usingizi unakuruka. Ukilipata, unaanza kujiuliza kama si la kughushi, kama halijaingia mchwa, kama wenyewe hawatajuta kesho wakaja kukugongea mlango. Ninayo magongo kumi na moja ukutani kwangu Kisauni, na yote kumi na moja yamenipandisha presha kila moja kwa zamu yake.

Magongo ninayoyasema ni yale ya mpira wa magongo, ya zamani, ya mti wa mforosadi, yaliyokuwa yakiletwa kutoka Bara Hindi kabla ya haya ya siku hizi ambayo hata mti si mti. Niliucheza mchezo huo nikiwa msichana wa shule, kisha nikafundisha michezo miaka mingi hadi nikastaafu. Wiki ya mwisho kazini nililiona gongo kuukuu kwenye stoo ya shule, limelazwa pamoja na mafagio. Nikaliomba, nikapewa, na ugonjwa ukaanzia hapo. Bwana wangu huuita ukuta ule makumbusho ya kuni, na mgeni akija humwambia kwamba siku gesi ikituishia hatutalala njaa. Yeye ana redio sita mbovu chini ya kitanda na hakuna anayemsema.

Watu huniuliza nachaguaje, maana kwao magongo yote ni sawa. Sisi wenye ugonjwa huu ni wachache, tuna kundi letu la simu, na hatupatani hata chembe. Bwana mmoja wa Nyali hutazama chapa tu: kama herufi za kiwanda zilizochomwa kwenye mti hazisomeki, gongo hilo halitaki hata kwa kupewa. Mwenzake wa Mikindani hutaka yaliyo mazima, yaliyokaa dukani hadi duka likafungwa, hayajaonja mpira hata siku moja. Mimi hayo ya nini? Gongo ambalo halijachezewa ni ubao uliopindwa. Mimi nataka lililofanya kazi, na kazi ile niione.

Basi huanza na uso bapa, pale mpira ulipokuwa ukigonga, nitafute vijikovu. Kisha nageuza nitazame chini ya kichwa, palipokuwa pakikwaruzana na uwanja. Kisha kitambaa cha mpini, kama kimeingia weusi wa jasho au ni weusi wa kupakwa. Mwisho natazama kitako cha mpini, kwa sababu wanaoghushi hupasahau hapo. Ncha zote mbili, kila mara, bila haya. Nimewahi kumrudishia fundi mmoja wa Changamwe gongo lake mbele ya wateja wake kwa sababu kitako kilikuwa kipya na kichwa ni cha kale, na sikumwonea huruma. Nilijiona mjuzi, wallahi. Nilijiona mimi gongo haliwezi kunificha kitu.

Ndiyo sababu kisa cha Likoni kinanichoma hadi leo.

Aliyenipeleka huko kwa maneno yake ni shoga yangu mmoja anayeuza leso Kongowea. Siku hiyo nilikwenda kununua leso za harusi, tukazungumza, akanitajia bibi mmoja wa kwao Likoni, mjane, ambaye marehemu mumewe aliucheza sana mpira wa magongo enzi za ujana wake. Gongo lake lingali ndani ya nyumba, akasema, ameliona kwa macho yake. Akanieleza na njia ya kufika. Akaniambia pia niende asubuhi ili nimpate bibi ametulia, kwa kuwa anaishi na mjukuu wake wa kike, na huyo mjukuu hutoka alfajiri kwenda kazini Bamburi na harudi ila magharibi. Mchana kutwa bibi yuko peke yake. Yote hayo niliyasikia. Lililonikaa kichwani ni gongo.

Nilivuka feri siku ya Alhamisi. Nyumba niliipata bila taabu, nikapiga hodi, sauti ikaniambia nipite, mlango haujafungwa. Bibi alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba ukumbini, mwembamba, safi, amejitanda leso kichwani, na gongo limeegemea ukuta kando yake. Nikamwamkia, akaniitikia, tukaulizana hali, za nyumbani, za watoto, za joto. Akaniomba radhi kwamba hana cha kunikaribisha, lakini kuna chai kwenye chupa juu ya meza, nijimiminie mwenyewe na yeye nimpe. Nikajimiminia. Nikampa naye. Moyoni nikasema, bibi huyu ana enzi yake.

Tukazungumza juu ya marehemu. Alikuwa akicheza upande wa kushoto, bibi akasema, na siku timu yake ikifungwa alikuwa hali chakula cha usiku. Nikacheka, nikamwambia mimi pia nilikuwa hivyo. Jicho langu lilikuwa kwenye gongo muda wote huo. Nikaomba nilishike, akanipa.

Subhanallah. Mti ulikuwa umeiva, rangi ya asali. Kichwa chake kile cha kizamani, kirefu, ambacho siku hizi hukioni, na sehemu ya juu ya lile kombo, pale kichwa kinapopinda, imeng'aa kabisa kwa kushikwashikwa. Kitambaa cha mpini kilikuwa kimebaki nusu. Chapa ilionekana kwa mbali. Nikasahau umri wangu, nikasahau nilivyolelewa, nikasema kwa sauti, "Bibi, gongo kama hili nimelitafuta miaka kumi."

Wa pwani anajua nilichokifanya hapo. Kitu cha mtu hakisifiwi hivyo ndani ya nyumba yake. Ukikisifu, umekiomba; na ukikiomba kwa mwenye heshima zake, umemfunga mikono. Mamangu alikuwa akinifinya paja nikiwa mtoto kila tukienda kwa watu, kunikumbusha nisisifu kitu. Na mimi, mtu mzima wa wajukuu wanne, nilikisifu.

Bibi alilitazama gongo mkononi mwangu. Kisha akasema basi gongo ni langu, nilichukue. Nikakataa. Akasema tena, nikakataa tena. Nilikataa mara mbili, kama adabu inavyotaka, na huku moyo wangu unaomba asinisikilize. Mungu anisamehe, ndivyo ilivyokuwa. Mara ya tatu akaapa.

"Wallahi hutoki mlango huu bila gongo hilo," akasema. "Wewe utalitunza kuliko mimi."

Akishaapa mtu mzima namna ile, utasema nini? Ukimkatalia, umemvunjia yamini yake, na kafara ya kiapo ni kulisha masikini au kufunga siku tatu, na yule bibi hakuonekana mtu wa kuweza moja wala jingine. Nikalipokea kwa mikono miwili. Akavua leso iliyokuwa mabegani mwake, akanipa nilifungie. Nikalifunga palepale bila kuligeuza, bila kutazama ncha wala kitako, kwa kuwa kitu ulichopewa hukipekui mbele ya aliyekupa kama anayenunua samaki. Adabu ilinirudia wakati huo tu, ilipokuwa haina faida.

Nikaaga. Bibi akanitakia safari njema akiwa vilevile kitandani, hakuinuka hata kunisindikiza hadi mlangoni. Nikatoka nimevimba. Nimetoka Kisauni njia yote hii, nimevuka maji, mtu hawezi kunifikisha kizingitini? Nilinung'unika hadi kwenye feri. Watu wa siku hizi, nikasema, hata wazee wameharibika. Nilisema hivyo mimi, gongo lake likiwa kwapani mwangu.

Ijumaa nilishinda jikoni kwa ajili ya wageni, sikuligusa. Jumamosi asubuhi ndipo nikalifungua, nikalilaza juu ya meza karibu na dirisha, nikalipiga picha nne nzuri, nikazituma kwenye kundi. Nikakaa kusubiri sifa. Zikaja. Wa Mikindani aliandika mashallah tatu. Kisha bwana wa Nyali akauliza, kwa ule ubaridi wake, mbona sijaonyesha kitako, na mbona juu ya kombo pameng'aa hivyo ilhali mchezaji hashiki hapo.

Nilikasirika. Huyu naye, nikasema, hawezi kuona mwenzake amepata. Nikalichukua gongo niligeuze nimpigie picha ya kitako nimzibe mdomo.

Kitako kilikuwa kimelika kwa mshazari. Upande mmoja mti umekwenda kabisa, kiasi cha kidole, na kwenye nyufa zake mna vumbi jeupe la sakafu ya saruji. Kile kitambaa cha mpini kilichobaki nusu hakikuliwa na jasho la mchezaji. Kilichanika kuanzia chini kwenda juu kwa kugongeshwa. Nikatazama kombo. Nikaweka kiganja changu juu yake. Kikakaa sawasawa, vidole vikajipanga vyenyewe, na gongo likasimama chini nami nimeliegemea.

Lilikuwa mkongojo. Nilikuwa nimemchukulia bibi mkongojo wake.

Nikaketi. Yote yakanijia kwa pamoja, hata sikuweza kuyazuia: chai ambayo hakuinuka kunimiminia, mlango ambao haukufungwa, gongo lililoegemezwa pale mkono wake unapofika. Alhamisi, Ijumaa, leo Jumamosi. Siku ya tatu ile, na mjukuu wake hutoka alfajiri. Choo cha nyumba zile kiko uani, ukumbi wote unaupita, kisha ngazi mbili za kushuka, kisha sakafu ambayo haikauki. Nikamwona amelala pale. Nikajiambia acha, usijitabirie mabaya. Nikamwona tena.

Nikampigia shoga yangu wa leso. Mteja hapatikani. Nikapiga mara tano, sita, kwa papara hadi nikabonyeza namba ya mtu mwingine, mwanamume fulani akaniitikia kwa usingizi, nikamkatia. Bibi mwenyewe sikumwona na simu, na ya mjukuu sikuwa nayo. Bwana wangu akatoka chumbani kwa zile kelele. Nikamweleza huku nimeshavaa buibui upande. Nilitaraji anicheke. Hakucheka.

Nikamwambia lililokuwa linanikwaza zaidi ni kile kiapo. Nikilirudisha, si nitakuwa nimemvunjia yamini? Ana miaka themanini na ushei, afunge siku tatu kwa ajili ya ujinga wangu?

"Aliapa utatoka nalo," akasema. "Ulitoka nalo, kiapo kimetimia. Sasa nenda."

Sijawahi kumshukuru kwa maneno yale. Labda namshukuru hapa.

Njiani nilikuwa kama mtu mwenye homa. Lakini hata katika hofu ile nilikuwa na jingine la kuhofia, nalo ni aibu yake. Bibi yule hakutaka nijue. Aliketi pale kabla sijaingia, akabaki ameketi hadi nikatoka, na alinyamaza wakati ambapo neno moja tu, kwamba hilo ndilo ninalotembelea, lingemaliza mambo. Nikiingia na kumwambia nimegundua huwezi kutembea, chukua gongo lako, nitakuwa nimemfanya masikini ndani ya nyumba yake. Nikaanza kutunga. Nitamwambia nimekuja kuweka amana. Kwangu ukuta umejaa, na gongo hili nalipenda, naomba anitunzie. Amana haikataliwi. Lakini mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kuitumia, kwa hivyo niongeze kwamba mti wa namna hii usiposhikwa kila siku hukauka ukapasuka, nitamshukuru akiwa anatembea nalo kidogokidogo. Nikarudia maneno hayo kwenye feri midomo ikichezacheza, hata mama mmoja aliyebeba kuku akasogea mbali nami.

Na kila nikimaliza kuyarudia, sauti nyingine inaniuliza: na ukimkuta amevunjika, hiyo amana utamwekea nani?

Nilipofika, mlango ulikuwa umerudishwa tu kama siku ile. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, kwa nguvu. Kimya. Jirani anayekaanga bajia akaniangalia, nikashindwa hata kumwamkia. Nikapiga ya tatu, na sauti yangu mwenyewe nikaisikia imekuwa ya mtu anayelia.

"Karibu," ikasema sauti ndani, ndogo.

Alikuwa palepale kitandani. Yu hai, ameketi, amejitanda. Nikashika fremu ya mlango. Kisha nikaona kigasha chake cha kushoto kimechubuka, jeraha refu limepakwa dawa nyekundu, na chini ya goti leso ina doa. Hakulificha wala hakulitaja. Nikamwamkia, nikaketi kwenye kiti kilekile, gongo mapajani, nikaanza hotuba yangu. Bibi, nikasema, nimekuja na shida ndogo. Kwangu nafasi imekuwa finyu. Nikaleta na ya amana, nikaleta na ya mti kukauka. Nilikuwa nasema haraka na sikuthubutu kumtazama usoni.

Akaninyooshea mkono kunikatiza.

"Mwanangu, hayo mazuri, tutayazungumza," akasema. "Nipe hilo gongo kwanza. Nimebanwa tangu mjukuu wangu alipotoka."

Ilikuwa imekaribia adhuhuri.

Nikampa. Nikainuka nimshike mkono, akanitazama kwa namna iliyonirudisha kitini. Akaweka kiganja juu ya kombo, akashusha mguu mmoja, kisha wa pili, akajikusanya, akasimama. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhani. Akaanza kwenda. Nilisikia mti ukigonga saruji, hatua, kimya, hatua, kimya, hadi mwisho wa ukumbi, kisha zile ngazi mbili ambazo nilizihesabu nimeziba mdomo kwa mkono. Kisha mlango wa choo.

Nikabaki peke yangu. Kwenye meza, karibu na kitanda, palikuwa na bilauri kubwa ya maji imefunikwa kisahani. Mjukuu aliiacha pale asubuhi, bila shaka, kama kila asubuhi. Ilikuwa imejaa hadi juu. Chumba kilikuwa moto, mimi mwenyewe jasho linanitiririka mgongoni kwa kukaa tu, na maji yale hayakuguswa. Nilikaa nikiyatazama muda mrefu kabla sijaelewa, na nilipoelewa nilitamani ardhi inimeze. Hakuwa na njia ya kufika chooni, basi alikuwa hanywi. Tangu Alhamisi, katika joto la Likoni, bibi wa watu alikuwa akijinyima maji kutwa nzima kwa sababu mimi nimesifu gongo lake.

Maji yakamwagwa uani, ndoo ikawekwa chini. Mti ukaanza tena kugonga, unarudi. Nilifuta uso upesi. Akaingia, akakifikia kitanda, akaketi taratibu, akaliegemeza gongo ukutani pale mkono wake unapofika. Nikafungua mdomo nimwombe radhi. Hakunipa nafasi. Aliichukua ile bilauri, akaondoa kisahani, akanywa. Alikunywa yote bila kupumzika, koo lake jembamba likipanda na kushuka, hadi tone la mwisho, kisha akapumua na kuninyooshea bilauri tupu.

"Nitilie nyingine," akasema.